Triga Tatu na Pikapu ya Harjit

Printa ya kiwanda cha krispi cha Harjit haikuwa na ugonjwa wowote siku ile isipokuwa njaa. Karatasi zilikuwa zimeisha. Owuor alilijua hilo mara tu alipofunua kifuniko, lakini mganga hamwambii mgonjwa aliyemwita kwa nauli kwamba anywe maji alale. Kwa hivyo akafungua skrubu moja, akaitazama kwa huzuni, akaipuliza, akairudisha pale pale ilipotoka. Kisha akatia karatasi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukionyesha dirishani.

"Boss, ile kelele ya huko nje ni ya nini?"

Harjit akageuka kutazama, na printa ikapona.

Owuor alizaliwa Landi, kwenye nyumba za reli za Nakuru. Babu yake alitengeneza injini za moshi. Baba yake aliweza kutengeneza kitu chochote chenye chuma. Owuor mwenyewe aliweza kuongea kuhusu kitu chochote chenye chuma, na akagundua mapema kwamba malipo ni yale yale na mikono inabaki safi. Aliwahi kukaa kwenye saibakafe moja ya mjini akiwafungulia watu barua pepe, mpaka mwenye saibakafe alipogundua kwamba alikuwa akizisoma pia na kuwauzia ushauri. Tangu hapo alijiita mtaalamu wa mifumo. Mwaka wenyewe ulikuwa 2007, watu walikuwa wameanza kutumiana pesa kwa simu, na mtu akishaona pesa ikipita hewani, hakuna uongo wa kompyuta atakaoukataa.

Kelele ilitoka kwenye mizani. Harjit alitoka mbio, na Owuor akamfuata polepole, kama mtu anayeenda kuangalia mchezo ambao hakulipia kiingilio.

Mbele ya mizani alisimama Wachuka, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa viazi wa Dundori, mama mnene mwenye viatu vya gambuti na sweta lililofungwa kiunoni. Harjit alipofika akasimama karibu kabisa na gunia lililokuwa likipimwa, na kwa bahati mbaya ncha ya kiatu chake ikaingia chini ya kona ya gunia na kuliinua kidogo. Bahati mbaya hiyo ilikuwa imedumu kama miaka ishirini.

"Toa mguu!" Wachuka akafoka.

"Mguu gani, mama? Mimi nasimama tu. Mtu hawezi kusimama kwa kiwanda yake?"

"Simama na yote miwili chini basi! Mguu mmoja yako inakula kilo kushinda watoto wangu!"

"Na wewe toa udongo kwa gunia. Mimi nanunua viazi, sinunui shamba. Wiki iliyopita nimeosha gunia ya Dundori nikapata mawe ya kujenga choo."

"Hayo mawe yalikuwa ya wakulima wa Mau Narok!"

Wapakuaji wa lori wakacheka. Mugure, karani wa mizani, hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kwenye kibanda cha vioo, akingoja waamue kilo ni ngapi ndipo aandike. Alikuwa ameshangoja hivyo mara nyingi na hakuwa na haraka.

Hapa inafaa msomaji ajue kitu kimoja. Gunia la viazi la huko juu halijazwi likafungwa mdomo tu. Hujazwa hadi juu, kisha likashonewa wavu wa kamba na kuongezwa viazi vingine, likawa na nundu kama ngamia. Nundu hiyo ndiyo lumbesa. Wanunuzi huilazimisha, wakulima huilaani, na gunia huhesabiwa moja kama kwamba nundu imeota yenyewe. Harjit alijiona mtu wa haki kwa sababu yeye aliilipia lumbesa nusu bei. Alisema viazi vya juu huchomwa na jua njiani vikageuka kijani. Kwa hivyo kiwandani kwake lumbesa ilifunguliwa kwanza na kupimwa kando kwenye beseni, gunia likapimwa peke yake, na Mugure akaandika nambari mbili: kilo za gunia kwenye safu moja, kilo za lumbesa kwenye safu ya pili. Gunia lisilo na lumbesa, safu ya pili aliiacha wazi. Kama hakuna, unaandika nini?

Owuor alimtazama Harjit. Akamtazama Wachuka. Kisha akaitazama ile kompyuta kwenye kibanda. Moyo wake ukafanya kile ambacho mioyo ya watu wengine hufanya kanisani.

Jioni ile alirudi ofisini kwa Harjit bila kuitwa.

"Boss, nimekuja kwa ajili ya mguu wako."

"Mguu gani?"

"Ule. Unazeeka, boss. Siku moja utateleza mbele ya watu na gunia likuangukie. Kompyuta haina mguu."

Harjit alifunga mlango. Hilo Owuor alilichukua kama risiti.

"Ndani ya kompyuta yako kuna databesi," akaendelea. "Ni kabati. Kila gunia ambalo Mugure anaandika linaingia kwa hiyo kabati. Sasa mimi naweka kitu kinaitwa triga. Triga ni kama mtego wa panya. Haitembei, haipigi kelele, inangoja tukio tu. Mugure akiingiza gunia, tap! Inafyatuka yenyewe, kilo zinapungua kabla hazijaandikwa."

"Mugure ataona?"

"Mugure ataona amechoka."

"Na yule mama wa Dundori?"

"Yule ataangalia miguu yako, boss, na ataikuta yote miwili chini ya meza, mbele ya mashahidi."

Harjit alipapasa ndevu zake. Alikuwa mtu mzuri, mwenye kutoa chakula kwenye gurdwara, hekalu lake, kila mwezi, na alitaka tu kuibia watu kwa njia isiyomuumiza mgongo.

"Unataka nini?"

Owuor alielekeza kidevu chake uani, kwenye Peugeot 504 nyeupe iliyoegeshwa kando ya ngoma ya kuoshea viazi. Ilikuwa pikapu kuukuu, mlango mmoja wa rangi nyingine, lakini iliwaka kwa mguso wa kwanza asubuhi zote, hata za Julai. Ooko, dereva wa kiwanda, aliisugua kuliko alivyomsugua mtoto wake.

Ni lazima tuwe wakweli kuhusu hilo. Owuor hakuitaka pikapu kwa tamaa peke yake. Kulikuwa na Valarie, msusi wa Kaptembwo, mwenye mikono mepesi na mdomo mzito. Kwao ni Busia. Alikuwa amemvumilia Owuor kwa muda mrefu kuliko dawa ya nywele inavyoruhusiwa kukaa kichwani, na sasa alikuwa ametoa neno lake la mwisho. "Nyumbani kwetu mwanamume haji na hadithi," alimwambia. "Anakuja na kitu inanguruma. Mwezi ukiisha bila hiyo kitu, mimi naenda peke yangu, na huko kuna mwalimu mmoja bado ananiulizia."

"Hiyo pikapu ilikuwa ya marehemu baba," Harjit alisema.

"Kwa hivyo yeye haitumii."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Harjit akasema hatoi pikapu bure hata kwa triga ya dhahabu, lakini Owuor akimletea tani moja na nusu ya viazi ikapimwa hapo hapo na kuingizwa kwa kompyuta, pikapu itakuwa yake. Moyoni Harjit alicheka. Triga ikishawekwa, tani moja na nusu ya Owuor nayo itapunguzwa, kwa hivyo atalazimika kuleta zaidi. Owuor naye alicheka moyoni, kwa sababu zake. Ofisi nzima ilijaa watu wawili wanaocheka moyoni.

"Na tuweke sheria, boss," Owuor akamalizia. "Kuanzia leo neno la mwisho ni la kompyuta. Macho ya watu yanadanganya. Mizani inacheza. Kompyuta haidanganyi."

Harjit aliipenda sheria hiyo hata akaiandika kwenye kadibodi na kuibandika juu ya mizani.

Kazi yenyewe Owuor aliifanya mchana kweupe, Harjit akiwa amemsimamia begani. Alifungua ile programu ya kusimamia databesi kwa madirisha na vitufe, ambayo aliipenda kuliko kitu chochote duniani baada ya pikapu, kwa sababu ilimfanya mtu asiyejua kitu aonekane rubani. Upande wa kushoto kulikuwa na mti: databesi shina, majedwali matawi. Ukibofya tawi kwa kitufe cha kulia cha mausi, menyu inateremka. Ukichagua triga mpya, dirisha linafunguka lenye visanduku. Jina. Jedwali. Kabla au baada. Tukio: kuingiza, kubadilisha au kufuta. Na chini kabisa, uwanja mweupe mkubwa ambapo mtu huandika triga ifanye nini.

Owuor akaandika jina: PUNGUZA. Akatia alama kwenye kabla. Akatia alama kwenye kuingiza. Kwenye uwanja mweupe akaandika neno la kuanza na neno la kumaliza, na katikati akaacha hewa. Akabofya Hifadhi. Kwenye mti kukachipuka jina jipya lenye kialama cha radi ya njano.

"Radi," Harjit alisema kwa heshima.

"Ikiona gunia, inapiga," Owuor akajibu.

Triga tupu ni kitu halali kabisa. Inafyatuka kila wakati, kwa uaminifu, na haifanyi chochote. Ofisi nyingi zina watu wa namna hiyo na hakuna anayelalamika.

Owuor alimpata Wachuka kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akivunja mandazi kama anavunja mkataba.

"Sasa mathe."

"Mimi si mama yako. Mimi ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti. Hiyo kompyuta ya Harjit, mimi ndiye naishika. Ninaweza kuifanya iongeze."

"Iongeze nini?"

"Kilo. Kila gunia ya kikundi chako ikiingizwa, kilo kidogo inapanda juu. Hakuna mtu atajua. Ni triga."

Wachuka alitafuna polepole. "Hiyo si wizi?"

"Wizi? Hapana, mwenyekiti. Ni fidia. Ya mguu."

Neno fidia lilimwingia Wachuka kama chai ya moto. Alikuwa mwekahazina wa kanisa na hangeweza kushiriki wizi hivi hivi, lakini fidia ilikuwa mambo mengine. Akauliza bei. Owuor akasema hataki pesa ya mkulima, Mungu amwepushe. Kila mwanachama atoe gunia moja tu, mara moja, siku atakayosema yeye.

"Nataka kuiona kwanza," Wachuka akasema. "Sinunui mbuzi ndani ya gunia."

Alikuja siku ya kuleta mzigo, saa ambayo Harjit alikuwa amekwenda kula kwake na Mugure amekwenda kununua ndizi. Owuor akabofya, akatia alama, akaandika ONGEZA, akaacha hewa katikati kama kawaida yake, na radi ya pili ikachipuka chini ya ile ya kwanza. PUNGUZA aliifunika kwa kidole gumba, kana kwamba anafuta vumbi kwenye skrini.

"Ni hii?" Wachuka aliinama.

"Ndiyo hii."

"Mbona ni kadogo hivyo?"

"Mwenyekiti, hata kirusi cha malaria hukioni." Malaria haina kirusi, lakini hakuna aliyekuwepo wa kumsahihisha.

Sasa sikiliza jambo la ajabu lililofuata, maana hakuna askofu wala mkuu wa wilaya aliyewahi kulifanya. Harjit, akiamini kompyuta inaiba kwa niaba yake, aliondoa kiatu chake kwenye mizani na kukaa mbali, akiwa ameweka mikono mgongoni kama malaika. Wachuka na watu wake, wakiamini kompyuta inawaongezea, waliacha kutia mawe na udongo. Kwa nini ujichoshe kubeba mawe kutoka Dundori wakati mashine inakubebea? Gunia lilipimwa likiwa gunia. Viazi vilioshwa vikatoka viazi. Visu vya kukatia krispi vikaacha kuvunjika meno. Harjit akaanza kuwaamkia wakulima. Wachuka akamletea kabichi. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, na huruma ni mwanzo wa adabu. Katika Bonde la Ufa lote hapakuwa na mizani ya haki kama ile, na ililindwa na wezi watatu.

Owuor angeishia hapo. Alikuwa amewauzia watu wawili hewa, na hewa ilikuwa inafanya kazi. Viazi vya wakulima vingempa pikapu ya Harjit, na yeye mwenyewe hakuwa amebeba hata kiazi kimoja. Lakini mtu aliyezoea kudanganya huogopa kitu kimoja: kwamba mambo yatakwenda sawa bila yeye. Akaanza kupiga hesabu kichwani usingizi ukimkimbia. Je, magunia yasipofika tani moja na nusu? Je, wakulima wakimpa madogo? Na mwezi ulikuwa unaisha.

Kwa hivyo akaamua kutengeneza triga ya kweli. Ya kwanza maishani mwake.

Alichagua saa ya chakula cha mchana. Jina: JAZA. Kabla ya kuingiza. Na safari hii kwenye uwanja mweupe hakuacha hewa. Alikuwa amenakili maneno kutoka kwenye mtandao, akayabadilisha hapa na pale kwa ulimi nje kama mtoto anayekata kucha. Maana yake ilikuwa hivi: jina la mleta viazi likiwa Owuor, chukua kilo za gunia, ujumlishe na kilo za lumbesa mara tatu, hiyo ndiyo iwe kilo za gunia. Alijua magunia yote ya Dundori yana nundu. Acha nundu izae.

Akajaribu. Akaingiza gunia la uongo: kilo mia moja, lumbesa ishirini. Skrini ikajibu mia moja na sitini. Owuor alisimama akacheza peke yake kibandani, kisha akafuta lile gunia la uongo na kukaa kama mtu mzima. Lazima tumpe haki yake: kwa dakika chache alikuwa fundi wa kweli, kama babu yake. Ikawa ndiyo sababu ya maangamizi yake.

Siku yenyewe ilipofika, Valarie aliambiwa afunge sanduku. Alikuja kiwandani amevaa gauni la kijani, nywele amezisuka kwa ustadi wa mtu asiyelipia, akasimama langoni na kusubiri kitu kinachonguruma.

Lori la Dundori likaingia. Nyuma kulikuwa na mzigo wa kawaida wa kikundi, nundu juu ya nundu, na kando magunia kumi na matano ya Owuor. Yalikuwa bapa, yameshonwa mdomo sawasawa kama bahasha.

"Mwenyekiti," Owuor akanong'ona, "lumbesa iko wapi?"

"Lumbesa?" Wachuka alishangaa kwa dhati. "Lumbesa ni ya mtu ametulazimisha. Wewe hukutulazimisha. Wewe uliomba."

Owuor akajiambia haidhuru. Hata bapa yalionekana mazito. Mwenye macho angejua tani moja na nusu imetosha na kubaki. Wapakuaji wakaanza kuyabeba. Kila gunia lilipopimwa, Mugure alisoma mizani na kuandika kilo kwenye safu ya kwanza. Safu ya lumbesa aliiacha wazi, kwa sababu hapakuwa na lumbesa. Na kila gunia lilipotoka kwenye mizani lilimwagwa kwenye ngoma ya kuoshea, likachanganyika na mengine, maana kiwanda hakingoji mtu. Mugure alikuwa na desturi ya kuandika mzigo mzima kwanza, ndipo abofye Hifadhi mara moja.

Akabofya.

Skrini ikafikiri. Kisha jina la Owuor likajitokeza, mstari chini ya mstari, limenyooka vizuri. Mbele yake, pale ambapo kilo zilipaswa kuwa, hapakuwa na kitu. Hata sifuri haikuwepo. Peupe tu. Na chini, penye jumla, peupe pia.

"Imemeza," Mugure akasema.

"Ingiza tena," Owuor akasema haraka.

Mugure akaingiza tena. Ikameza tena.

"Jaribu ya mama Wachuka," Harjit akaamuru. Mugure akaingiza mzigo wa kikundi, na kilo zikajipanga kwenye skrini kama askari wa gwaride.

"Kompyuta iko sawa," Harjit akatangaza. "Ni wewe haikutaki."

Hapo Owuor akaelewa. Kwa kompyuta, nafasi wazi si sifuri. Sifuri ni jibu. Nafasi wazi ni kusema sijui. Ukiiambia ijumlishe kilo mia moja na sijui, haitakubahatishia kama binadamu, itakujibu sijui. JAZA ilikuwa imefyatuka kwa kila gunia lake, kwa uaminifu, ikazidisha nundu zisizokuwepo, na kuyafuta magunia yote. Na bila JAZA, magunia yale bapa yangetosha.

"Mzee," Mugure alianza, "lakini mimi nimesoma mizani na macho yangu, yalikuwa mazi..."

"Mugure. Imejibu mara mbili, hakuna kuingiza tena. Neno la mwisho ni la nani?" Harjit akamkatiza.

Mugure akatazama kadibodi juu ya mizani. "La kompyuta."

"Ni kosa kadogo tu," Owuor akasema, akijitahidi kutabasamu. "Nipishe nifungue ndani nirekebishe. Ni dakika moja."

Akaketi. Akashika mausi. Wachuka akaja kusimama nyuma ya bega lake la kulia, kwa sababu alitaka kuona. Harjit akaja nyuma ya bega la kushoto, kwa sababu kiwanda ni chake. Ule mti ulikuwa umefungwa; bofyo moja tu na tawi la triga lingefunguka, na majina matatu yangewaka kwa radi zao. Owuor aliuangalia mkono wake. Majina yalikuwa matatu, na yeye alikuwa na kidole gumba kimoja kisicho na kazi.

Aliyepiga kelele kwanza alikuwa Harjit. Alikuwa amekumbuka PUNGUZA, na pua ya Wachuka ilikuwa imebaki shubiri moja kufika kwenye skrini.

"Ngoja! Usifungue!"

"Hata mimi nasema asifungue!" akadakia Wachuka, ambaye alikuwa amekumbuka ONGEZA. "Kompyuta ikisema imesema! Kwani tunaichokoza ya nini?"

Wakatazamana kwa mshangao. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana kitu tangu wajuane.

"Basi mnipe nafasi, mtoke, nibaki peke yangu..."

"Peke yako?" wote wawili wakasema pamoja.

"Mtu mmoja peke yake na hiyo mashine?" Harjit akaendelea. "Hapana. Wewe utachezea vitu ya watu."

"Vitu za watu kabisa," Wachuka akaunga mkono.

"Lakini viazi mliviona!" Owuor akalia. "Boss, si uliona? Mwenyekiti, si ni nyinyi mmevileta?"

"Mimi niliona," Harjit akakubali kwa upole mkubwa. "Huyu mama pia aliona. Lakini sisi ni watu, Owuor. Macho ya watu inadanganya. Si ni wewe uliniambia?"

Kulikuwa bado na njia moja, ile ya ukweli. Angeweza kusimama aseme: PUNGUZA ni hewa, ONGEZA ni hewa, mmekuwa mkipimiana kwa haki muda wote huu, wapumbavu nyinyi. Akageuka kuwatazama wapakuaji waliokuwa wamejaa mlangoni. Wote wa Dundori. Wote walikuwa wametoa gunia. Mikono yao ilikuwa mikubwa, na nyuma yao ngoma ya kuoshea ilikuwa ikizunguka. Ukweli ukamrudia kooni ukashuka.

"Labda," akasema kwa sauti ndogo, "kompyuta imechoka leo."

"Mbona yangu haikuchoka?" Wachuka akamuuliza, na wapakuaji wakaangua kicheko.

Harjit alimpa yale magunia matupu kumi na tano, yamekunjwa vizuri. "Haya ni yako. Haya kompyuta haihesabu." Kisha akageuka uani. "Ooko! Kwa vile pikapu bado ni yetu, pakia katoni za krispi upeleke Busia. Wateja wamelia sana."

Owuor alitembea hadi langoni akiwa amekumbatia magunia. Valarie alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama nywele zinazohitaji kunyolewa tu.

"Pikapu iko wapi?"

"Kuna shida kidogo na mfumo."

"Viazi ulileta ama hukuleta?"

"Nilileta."

"Sasa si useme!"

"Valarie, nikisema watanichuna."

Peugeot ikawaka kwa mguso wa kwanza. Ooko akaiendesha taratibu hadi langoni, katoni zimefungwa nyuma kwa kamba, akasimama kusubiri askari afungue. Valarie akainama kwenye dirisha lake.

"Boss, unaenda wapi?"

"Busia, dada."

"Hapo mbele kuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Valarie akazunguka upande wa pili, akafungua ule mlango wa rangi nyingine, akatia sanduku lake kwanza, kisha akapanda na kukusanya gauni lake la kijani lisibanwe.

"Valarie!" Owuor akashika kioo cha dirisha. "Na mimi je?"

Valarie akamtoa vidole kwenye kioo, kimoja kimoja, bila hasira.

"Wewe ngoja hapa," akamwambia, "mpaka kompyuta ikuone."

Ooko akatia gia.